Rimu kubwa kwenye Toyota Wish iliyoshushwa: vipimo vichukue na mzigo wa Desemba

Gari la familia lililoshushwa, yaani lililopunguzwa kimo kwenye springi, hupendeza Jumapili asubuhi: limeoshwa, limesimama kivulini pale Njiro, ndani hakuna mtu. Lakini hakuna anayenunua gari la viti saba ili lisimame tupu. Linabeba watoto, shemeji, mabegi na gunia la mchele, na Desemba linapanda Marangu na nusu ya ukoo. Ukitaka kulivisha rimu kubwa, vipimo vyako vyote vichukue likiwa kwenye hali hiyo. Ile nafasi unayoiona kati ya tairi na fenda gari likiwa tupu inakudanganya.

Mimi ilinidanganya kwa gharama ya matairi mawili. Nilinunua rimu za inchi 18, upana 8J, ET35 (namba hizi nitazifafanua mbele), kwa kuwa zilinikaa machoni. Mwezi mzima nilizunguka nazo mjini, Sanawari, Kijenge, Moshono, hazikugusa popote. Sikukuu tukaenda ukweni. Wakati wa kurudi tulipakia mikungu miwili ya ndizi na debe la maparachichi nyuma, na shemeji na mwanawe wakaomba kusogezwa hadi Arusha. Kwenye matuta ya Kwa Sadala nyuma kulianza kukwaruza. Nikajiambia ni plastiki tu. Tulipofika Kikatiti harufu ya mpira ilikuwa imejaa ndani, na Usa River nilisimama nikakuta bega la tairi limechanwa na mdomo wa fenda, nyuzi ziko nje. La upande wa pili lilikuwa hivyo hivyo. Zile rimu niliziuza nikaanza upya, na ninachoeleza hapa ndio mpangilio niliofuata mara ya pili.

Namba nitakazotumia ni za Toyota Wish ya mwanzo, ile iliyotoka 2003, injini ya 1.8, ya kuvuta mbele. Ukiwa na Spacio, Fielder au Premio utaratibu ni ule ule, ila namba zisome kwenye gari lako.

Kwanza, gari lilishushwaje?

Kabla ya kuzungumza rimu, ingia chini ya gari. Ukikuta springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, vizuri. Ukikuta springi za kiwandani zilizokatwa kwa grainda, simama hapo kwanza. Springi iliyokatwa inaweza kucheza au kuchomoka kwenye kiti chake gurudumu linapoachiwa hewani, na shokapu iliyoundwa kwa urefu mwingine inabaki ikigonga mpira wake wa kuzuia kila ukipita shimo. Rimu nzito zaidi zitaongeza tatizo hilo. Fedha ya rimu iende kwanza kwenye springi na shokapu zinazoendana. Najua si ushauri mtamu.

Jeki gurudumu moja moja lielee, kisha litikise kwa mikono juu na chini, halafu kushoto na kulia. Likicheza, boljointi, tairodi au beringi imekwisha, na hakuna alaimenti itakayokaa juu ya kitu kilicholegea. Angalia pia mipira ya kuzuia shokapu kama ipo mizima, maana hiyo ndiyo inayosimamisha gurudumu lisipande hadi kwenye fenda. Mafundi wengine huitupa wakati wa kushusha ili gari "lilale vizuri". Irudishe.

Soma ulichonacho

Tairi la kiwandani la Wish hii ni 195/65R15, na mwishoni mwa namba hizo kuna 91, ambayo ni uzito: tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Nati ni tano na mpangilio wake ni 5x100, yaani matundu matano kwenye mduara wenye kipenyo cha milimita 100. Hapa ndipo wengi wanapotea. Rimu za Mark X zinapendeza na zinapatikana, lakini ni 5x114.3, hazikai. Ukisikia fundi anasema atayatanua matundu kidogo, chukua ufunguo wako uondoke. Rimu za Subaru Impreza na Forester za zamani ni 5x100 na zinaingia, ila kuna mitego miwili nitakayoieleza mbele.

Tundu la katikati la Toyota hii ni milimita 54.1. Stadi, zile nondo zinazopokea nati, ni milimita 12 kwa hatua ya uzi 1.5. Kitu cha mwisho cha kusoma ni ET, ambayo kwa kawaida imechongwa nyuma ya rimu. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusana na habu, kile kitako cha gari ambacho rimu hufungwa. ET ikiwa kubwa gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu, ikiwa ndogo linatoka nje kuelekea fenda. Geuza rimu yako uisome, usinunue nyingine bila kujua hii.

Hesabu ya dakika kumi

Anza na kipenyo. Ukuta wa 195/65R15 ni asilimia 65 ya 195, ambayo ni upana wa tairi kwa milimita, sawa na 126.75. Zidisha mara mbili, wa juu na wa chini: 253.5. Inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni 634.5. Sasa fanya hivyo kwa 205/50R17: 205 ya kuta mbili na 431.8 ya rimu, jumla 636.8. Tofauti ni milimita mbili na ushee, spidomita haitahisi kitu. 225/40R18, yale matairi yangu ya msiba, ni 637.2, nayo kwa kipenyo iko sawa kabisa. Jihadhari na 215/50R17, ambayo muuzaji atakuambia ni "ile ile tu". Inafika 646.8, yaani milimita 12 zaidi, na sita kati ya hizo zinakwenda juu, kwenye nafasi ambayo umeshaipunguza mwenyewe kwa kushusha gari.

Kipenyo changu kilikuwa sahihi na bado tairi lilichanwa, kwa sababu tatizo lilikuwa upana na ET. Hesabu yake ni hivi. J moja ni inchi moja ya upana, milimita 25.4. Chukua nusu ya upana wa rimu. Ongeza ET upate umbali wa ukingo wa ndani kutoka kwenye uso wa habu, na toa ET upate umbali wa ukingo wa nje. Tuseme rimu ya zamani ni 6J, ET45. Nusu yake ni 76.2, kwa hiyo ndani ni 121.2 na nje ni 31.2. Rimu yangu ya 8J ET35 ilikuwa na nusu ya 101.6, ndani 136.6 na nje 66.6. Ukilinganisha, ilisogea ndani milimita 15 na kutoka nje milimita 35. Sentimita tatu na nusu! Kama ningekaa na kalamu dakika kumi kabla ya kulipa, nisingezinunua.

7J ET40 inaingia ndani karibu milimita 8 na kutoka nje karibu 18. 7J ET45 inagawa sawa, milimita 12.7 kila upande. Sasa mtego wa kwanza wa rimu za Subaru: nyingi zina ET48 na kuendelea. 7J ET48 inaingia ndani milimita 16, na huko ndani kuna shokapu.

Halafu uzito. Tairi la 205/50R17 hupatikana likiwa na alama 89, kilo 580, au 93 lenye herufi XL, yaani lililoimarishwa kubeba zaidi, kilo 650. Lako la zamani lilibeba 615. Gari la viti saba halishushwi uwezo wa kubeba kwa ajili ya urembo, kwa hiyo ni 93 au usinunue. Kwa 225/40R18 ni vilevile: 88 ni kilo 560, 92 ni 630.

Pima nafasi, gari likiwa limejaa

Hesabu inakuambia rimu itasogea kiasi gani. Kama kuna pa kusogea, gari ndilo litakalosema.

Simamisha gari mahali tambarare, tupu. Kwa futi ya chuma pima kutoka katikati ya rimu hadi mdomo wa fenda, magurudumu yote manne, andika. Kisha lijaze. Waite majirani, weka magunia, mifuko ya saruji, chochote chenye uzito wa safari yako halisi, na nyuma kabisa weka uzito wa mizigo ya sikukuu. Pima tena. Langu lilishuka nyuma sentimita nne na nusu likiwa limesimama tu, kabla ya tuta lolote. Ongeza mruko wa barabara juu ya hapo, utaelewa kwa nini matuta ya Kwa Sadala yalinishinda.

Bado limejaa, panda kwa gurudumu moja la nyuma kwenye tofali pana au ukingo wa barabara, na gurudumu la mbele la upande wa pili kwenye tofali jingine. Gari litajipinda na magurudumu hayo mawili yatapanda ndani ya fenda kuliko kawaida. Hapo ndipo pa kupima. Mimi huchukua donge la unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati, nalibandika ndani ya mdomo wa fenda, natembeza gari polepole mita chache, kisha naangalia limebanwa kiasi gani. Unga haukwaruzi rangi, na mama watoto akilalamika mwambie ni kikombe kimoja tu.

Mbele, kata usukani hadi mwisho kila upande na upime kutoka ukingo wa tairi hadi shokapu, hadi plastiki ya ndani ya fenda, na hadi bomba la breki. Kwenye shokapu mimi sikubali chini ya milimita 6 baada ya kutoa zile ambazo rimu mpya itasogea. Usisahau kwamba tairi hutokeza nje ya ukingo wa rimu, na kwamba 205 ni pana kuliko 195 kwa milimita tano kila upande.

Kwa Wish iliyoshuka sentimita nne, vipimo vyangu vilinirudisha kwenye 17, 7J, ET40, tairi 205/50R17. Mwenye barabara ya vumbi na mawe hadi mlangoni, kama zetu za Moshono, atakaa vizuri zaidi na 205/55R16. Kipenyo chake ni 631.9, karibu kabisa na cha kiwandani, na ukuta wake unavumilia shimo. Inchi 18 kwenye gari hili ni ya picha.

Kununua

Rimu za mtumba ndizo nyingi. Tafuta chapa ya JWL iliyosubuliwa kwenye rimu yenyewe, ambayo ni alama ya kiwango cha Japani. Izungushe juu ya mashine ya balansi kabla ya kulipa, si baada, na umtazame fundi asizungushe haraka ukashindwa kuona mpindo. Pitisha kidole upande wa ndani, kwa kuwa nyufa na mistari ya kuchomelea hujificha huko, chini ya rangi mpya. Mpindo mdogo hunyooshwa. Ufa uliochomelewa usiuguse hata kwa bei ya kutupa.

Matairi soma tarehe: tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (meno) nzuri lakini mpira mkavu wenye mipasuko midogo lilishazeeka stoo.

Mtego wa pili wa Subaru ni nati. Stadi zao ni milimita 12 kwa hatua 1.25, za Toyota ni 1.5. Ukipewa rimu na nati zake kama zawadi, zawadi hiyo iache dukani. Nati ya Subaru itaanza kuingia, itabana, fundi ataongeza nguvu, na stadi itakatika.

Kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu na udongo vitoke. Udongo wa Arusha ukishikana pale ni kama kipande cha kadibodi kati ya rimu na habu: utakaza leo, kesho nati zimelegea.

Rimu nyingi zisizo za kiwandani zina tundu la katikati kubwa, 67.1 au 73.1, ili ziingie magari mengi. Nunua ringi za katikati za kutoka kipimo hicho hadi 54.1. Za Subaru zilizo 56.1 nazo zinahitaji ringi. Bila ringi gari hutetemeka usukani ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa, na utalipia balansi mara tatu bila kupona.

Nati zifanane na kiti chake. Rimu za alumini za Toyota kwa kawaida hutumia nati bapa yenye washa, za nje ya kiwanda nyingi hutumia nati ya koni ya nyuzi 60. Nati bapa kwenye kiti cha koni inashika kwa ukingo mwembamba tu, na itafunguka. Zifunge kwa mkono kwanza, zihesabu: angalau mizunguko minane kabla hazijagusa rimu. Zikipungua, stadi ni fupi.

Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa awamu mbili, gari likishushwa chini mwishoni. Kipimo cha Toyota hii ni 103 Nm. Kama hakuna toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye gereji yako, tumia mpini wa nusu mita uliolala sawa na ardhi, ubane kwa nguvu inayolingana na kuning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye ncha yake. Inakaribia sana 103. Mashine ya upepo ikaze mwanzo tu. Rudi ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na kutoka Arusha hadi Moshi ni mwendo unaofaa kabisa kwa hilo.

Majaribio na kukwaruza

Siku ya kwanza usiende mbali. Jaza gari tena, kata usukani hadi mwisho ukiwa unarudi nyuma polepole, panda ukingo wa barabara kwa pembe, pita tuta moja kwa mwendo wa kawaida. Paka chokaa kwenye mabega ya matairi kabla, uone palipofutika.

Ikigusa plastiki ya mbele, mara nyingi kulegeza na kuisogeza, au kuipasha moto ikakaa sawa, kunatosha. Ikigusa mdomo wa fenda nyuma, fundi wa bodi anaweza kuukunja ndani kwa taratibu akiwa amepasha rangi joto kwanza. Rangi ikiwa baridi inapasuka, na mvua za masika zitaingiza kutu kwenye ufa huo. Kukata chuma cha fenda sikushauri, na tairi likitokeza nje ya bodi, mbali na mawe litakayorushia walio nyuma yako, askari wa usalama barabarani hatakosa neno la kukuambia.

Ikigusa shokapu, utashauriwa spesa, kile kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu. Spesa nyembamba isiyo na stadi zake hupunguza mizunguko ya nati uliyoihesabu. Afadhali rimu yenye ET ndogo.

Ikigusa tu gari likiwa limejaa, usijidanganye kwamba hutajaza. Utajaza.

Alaimenti, upepo na jeki

Gari likishushwa magurudumu ya mbele huinama kwa juu kuelekea ndani, na tairi huisha ukingo wa ndani usiouona. Fanya alaimenti baada ya kilomita mia chache, springi zikishatulia, si siku ile ile. Mbele kunarekebishika. Nyuma ya Wish hii ni ekseli moja isiyo na marekebisho, kwa hiyo mashine ikionyesha nyuma kumepotoka, tafuta ekseli iliyopinda, usikubali kulipia "kunyoosha namba".

Upepo anza na namba ya kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Matairi ya XL yenye ukuta mfupi mimi huyaongezea pauni tatu, na nikijaza gari kwa safari naongeza tena. Upepo mdogo kwenye ukuta wa sentimita kumi ndio unaopinda rimu.

Mwisho ni kitu ambacho niligundua saa moja usiku, mvua inanyesha, karibu na Maji ya Chai: tairi likipata pancha, gari lililoshushwa halipokei jeki ya kiwandani, linakaa chini kuliko jeki yenyewe. Tangu siku hiyo nabeba kipande cha mbao cha unene wa sentimita tano, upana wa tairi, kimechongwa mteremko upande mmoja. Unapandisha tairi lenye pancha juu yake, jeki inaingia. Kando yake kuna ufunguo wa zile nati za kuzuia wizi, na tairi la akiba la inchi 15, ambalo kipenyo chake kinaendana na 205/50R17 na litanifikisha nyumbani. Jaribu kulifunga mara moja mchana ukiwa nyumbani, uone kama nati zako mpya zinakaa kwenye rimu yake ya chuma.